Kuchemka na Kuungua: Kiswahili cha Kupoza Giaboksi ya Otomatiki katika Njia za Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Mvua kubwa ikinyesha katika bonde la Lambwe, udongo mweusi wa mfinyanzi hugeuka kuwa ulimbo. Chukua mfano wa gari la fobaifo lenye gia za otomatiki, lililobeba sanduku la chanjo kuelekea zahanati iliyo ng'ambo ya bonde. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na barafu iliyomo sandukuni ina saa zake za kuishi. Gari linazama. Dereva anakanyaga mafuta, anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma tena. Muuguzi aliyeketi kando yake anauliza, "Dereva, gari halijachemka?" Dereva anautazama mshale wa joto, anaukuta umetulia katikati, naye anajibu, "La, Sista, halijachemka. Tutatoka tu."

Dereva huyo hakusema uongo. Injini kweli haijachemka. Hata hivyo, nusu saa baadaye injini inanguruma na gari halisogei, harufu ya kitu kilichoungua inapanda kutoka chini ya sakafu, na sanduku la chanjo linabaki porini. Kilichoharibika ni giaboksi, na imeharibika kwa joto ambalo mshale ule haukuumbwa kulionyesha.

Makala haya yanachunguza tukio la namna hiyo kwa macho mawili. Kwanza, yanaeleza chanzo cha joto katika giaboksi ya otomatiki na njia za kulipunguza, kwa kuzingatia mazingira ya kaunti za Migori na Homa Bay. Pili, yanaonyesha kwamba sehemu ya tatizo imo katika lugha: dereva alikuwa na kitenzi kimoja tu, kuchemka, kwa mambo mawili tofauti. Dai kuu ni kwamba Kiswahili kinayo tayari maneno ya kutosha kuliokoa gari hilo, na kwamba mengi ya maneno hayo yanapatikana gereji na jikoni kabla ya kutafutwa katika vikao vya kuunda istilahi.

2. Mazingira ya Njia na Magari

Migori na Homa Bay ni kaunti jirani zilizo kusini magharibi mwa Kenya, kando ya ziwa Viktoria. Barabara kuu ya A1 inaingia kutoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, na kupita Migori, Awendo na Rongo kabla ya kuelekea Kisii. Kutoka Rongo, njia nyingine huteremka hadi mji wa Homa Bay kupitia Rodi Kopany, ambapo hukutana na njia ya kwenda Ndhiwa na Sori. Katika lami hizi gari la otomatiki huenda bila shida. Taabu huanza pale lami inapokwisha: njia za mashamba ya miwa ya Awendo, njia za machimbo ya dhahabu ya Nyatike, miinuko ya Gwassi, na njia za udongo mweusi wa Lambwe, ilipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Hifadhi hiyo, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1983, inajulikana kwa swala aina ya korongo. Madereva nao huijua kwa tope.

Ziwa lenyewe liko katika mwinuko wa takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wa pwani yake huwa na joto jingi wakati wa mchana. Hewa inayopita katika rejeta inapokuwa na joto, uwezo wake wa kubeba joto la gari hupungua. Aidha, mazingira haya yana vizuizi vyake: tope linalokauka katikati ya vibati vya rejeta, mbegu za nyasi ndefu, majani makavu ya miwa, na wale wadudu wadogo wa ziwani waruao kwa makundi mithili ya moshi, ambao hugandamana mbele ya gari linalopita jioni.

Magari yenyewe yana historia yake. Idadi kubwa ya magari yanayoingia Kenya ni yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 cha mwaka 2000 kiliweka sharti kwamba gari lililotumika lisiwe limezidi umri wa miaka 8 linapoingizwa nchini. Mengi ya magari hayo ni ya otomatiki, na mara nyingi kitabu cha maelezo pamoja na vibandiko vilivyomo ndani vimeandikwa kwa Kijapani. Hivyo basi, maarifa ya kulitunza gari hufika Migori yakiwa yamefungwa katika lugha mbili, Kijapani na Kiingereza, ilhali mazungumzo ya dereva na fundi huendeshwa kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuria au mchanganyiko wa hizo. Jambo lisilovuka kutoka lugha hadi lugha ndilo linalolipiwa gereji.

3. Joto Linatoka Wapi?

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa kwa klachi ambayo dereva huikanyaga. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na chombo ambacho mafundi hukiita konveta. Asili ya konveta ni ugunduzi wa mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyesajili hataza yake mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Giaboksi ya otomatiki iliyouzwa kwa wingi ilianza kupatikana Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya maji kikaishia barabarani.

Mwanafunzi anayetaka kuielewa konveta na aende gatini Homa Bay. Mashua ikiwa imefungwa kwa kamba na injini yake imewashwa, rafadha huzunguka, maji huvurugika na kutoa povu, lakini mashua haiendi popote. Nguvu ya injini haikupotea. Imeingia majini na kuyapasha joto. Ziwa ni kubwa, kwa hiyo hakuna anayelihisi joto hilo. Ndani ya konveta mna rafadha mbili zinazotazamana, moja ikizungushwa na injini na nyingine ikizungusha gia, na katikati yake mna mafuta. Ya kwanza huyasukuma mafuta, mafuta huisukuma ya pili. Zikizunguka kwa kasi inayokaribiana, joto ni dogo. Ya kwanza ikizunguka kwa kasi na ya pili ikakawia kwa sababu magurudumu yamekwama, mafuta huvurugwa kama maji ya gatini. Tofauti ni kwamba hapa hakuna ziwa. Kuna lita 10 hivi tu.

Hesabu nyepesi inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Lita 10 za mafuta hayo zina uzito wa takribani kilo 8.5, na kila kilo huhitaji kilojuli 2 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi 1. Kwa hiyo mafuta yote yanahitaji kilojuli 17 kwa kila nyuzi. Injini ikiingiza kilowati 30 katika konveta huku magurudumu yamekwama kabisa, joto litapanda kwa karibu nyuzi 1.8 kila sekunde, sawa na nyuzi 35 hivi kwa sekunde 20. Chuma cha giaboksi hufyonza sehemu ya joto hilo, lakini si lote. Ndiyo maana watengenezaji huwaonya mafundi wanaopima konveta kwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja wasizidishe sekunde 5. Dereva aliyekwama Lambwe hufanya kipimo hichohicho bila kujua, tena kwa dakika nyingi.

Kwa kawaida mafuta haya hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 80 hadi 90. Yakivuka nyuzi 120 huanza kuharibika haraka, na mipira inayozuia yasivuje huanza kukakamaa. Yakikaribia 150, sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi huteleza na kuungua. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi juu ya kiwango cha kawaida hupunguza umri wa mafuta kwa nusu.

4. Kitenzi Kimoja, Mambo Mawili

Kitenzi kuchemka kwa asili yake ni cha vitu vya majimaji: maji huchemka, uji huchemka, maziwa huchemka. Kinapotumiwa kwa gari, maana yake imepanuliwa kwa njia ya taashira: maji ya rejeta yanachemka, kwa hiyo gari zima linasemwa kuwa limechemka. Upanuzi huu umeitumikia jamii vyema. Neno ni fupi, kila abiria analielewa, na limeambatana na dalili zinazoonekana, yaani mvuke, mlio na mshale unaopanda.

Hata hivyo, neno linalomulika upande mmoja huweza kuuficha upande mwingine. Mshale wa joto ulio mbele ya dereva hupima maji ya injini. Haupimi mafuta ya giaboksi. Mafuta hayo yakizidiwa na joto hayatoi mvuke wala hayabubujiki. Huharibika kimyakimya, yakibadilika rangi na harufu. Kwa hiyo swali la muuguzi, "Halijachemka?", lilimwelekeza dereva kwenye mshale, na mshale ukampa jibu la kweli lisilohusiana na hatari iliyokuwapo.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, nacho kimo jikoni. Ugali huweza kuungua chini huku juu ukiwa mweupe na umetulia. Mpishi mzoefu hangoji kuona moshi. Hunusa, hugusa kwa mwiko, hupunguza moto. Giaboksi ya otomatiki huungua kwa namna hiyo, kuanzia chini, nyuma ya utulivu wa mshale. Fundi anaposema "mafuta yameungua" huwa ametumia kitenzi sahihi kuliko kile cha barabarani, kwa kuwa kuungua huelekeza pua na macho mahali panapostahili. Lau muuguzi angeuliza, "Gia haiungui?", dereva angelazimika kufikiri juu ya chombo kingine.

Dalili za kuungua zinajulikana. Mafuta mapya ya aina iliyozoeleka huwa mekundu na maangavu, ingawa yapo yenye rangi nyingine, hivyo rangi pekee haitoshi. Yakiwa ya kahawia au meusi na yana harufu ya kitu kilichoungua, joto limekwisha kupita hapo. Gia kuchelewa kuingia, gari kushtuka linapobadilisha gia, na injini kunguruma bila mwendo kuongezeka ni dalili nyingine. Baadhi ya magari yana taa ya onyo yenye herufi A/T, ambayo huwaka mafuta ya giaboksi yanapopata joto kupita kiasi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu humfaa anayejua ni upande upi wa kutazama.

5. Mzigo wa Neno Mafuta

Tatizo la pili la lugha ni neno mafuta. Katika Kiswahili, dereva hutia mafuta kwenye tangi, hukanyaga mafuta ili aongeze mwendo, hubadilisha mafuta ya injini, na akifika nyumbani hula samaki waliokaangwa kwa mafuta. Kijaluo nacho hutumia neno mo kwa mafuta na samli, hivyo msemaji wa lugha zote mbili hapati msaada kutoka upande wowote. Muktadha hutatua mengi, lakini haumsaidii kijana wa dukani anayeambiwa kwa simu, "Nitumie mafuta ya gia."

Kwa muuza vipuri, "mafuta ya gia" huweza kumaanisha yale mazito ya giaboksi ya mkono au ya ekseli. Mafuta ya otomatiki ni mepesi zaidi na yana kazi nne kwa wakati mmoja: kupitisha nguvu ndani ya konveta, kusukuma klachi za ndani, kulainisha, na kubeba joto kulipeleka nje. Mafuta mazito yakitiwa humo hayapiti ipasavyo katika njia zake nyembamba, na giaboksi huharibika. Hata miongoni mwa mafuta ya otomatiki zipo aina mbalimbali zisizobadilishana. Kwa hiyo neno tupu halitoshi. Linahitaji kivumishi kinachobeba tofauti. "Mafuta ya otomatiki," likifuatwa na jina la aina lililoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kitabuni, ni kirai kifupi, kinaeleweka, na hakimwachii muuzaji nafasi ya kubahatisha.

6. Njia ya Kupoza

Kitenzi poa kinaeleza kitu kuachana na joto lake. Chai hupoa kwa sababu joto lake limehamia kwenye kikombe na hewani. Kauli yake ya kutendesha, poza, huongeza mtendaji; na kutokana na pozea hupatikana nomino kipozeo, kwa mtindo uleule uliotupa kichujio kutokana na chuja na kikalio kutokana na kaa. Kipozeo, basi, ni chombo ambacho kwacho kitu hupozwa. Neno lenyewe linafundisha fizikia: kupoza si kutia baridi, ni kulitafutia joto mahali pa kwenda.

Katika magari mengi ya fobaifo, safari ya joto huwa hivi. Pampu ya giaboksi husukuma mafuta ya moto kupitia bomba hadi kwenye kipozeo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, ambapo maji ya injini huyapokonya joto. Kisha mafuta hurudi kwenye giaboksi kwa bomba la pili. Mpango huu una faida, kwani asubuhi ya baridi maji huyapasha mafuta moto haraka. Lakini una mpaka wake: maji ya rejeta yenyewe huwa karibu na nyuzi 90, na kitu hakiwezi kupozwa hadi chini ya joto la kile kinachokipoza. Injini na giaboksi zikilemewa kwa pamoja, kama vile katika kupanda Gwassi na mzigo, zote mbili hugombania rejeta moja.

Ndipo panapohitajika kipozeo cha nje. Hiki ni rejeta ndogo ya mafuta, hufungwa mbele ya gari mahali penye hewa. Katika nchi ya joto, mpangilio unaofaa ni mafuta kutoka giaboksi yapite kwanza katika rejeta kubwa, kisha yapite katika kipozeo cha nje, ndipo yarudi. Kwa njia hiyo hewa hupewa neno la mwisho. Mipira ya kuunganishia iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya moto. Mpira wa maji hulainika na kupasuka, na mafuta yote humwagika katika dakika chache. Kipozeo kiachiwe nafasi, kisigusane na vibati vya rejeta, na mabomba yasisuguane na chuma.

Jambo lenye bei ndogo kuliko yote ni usafi. Rejeta iliyozibwa kwa tope na mbegu za nyasi ni sawa na pua iliyoziba. Baada ya safari ya Lambwe au ya njia za miwa, vibati vioshwe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Maji ya kasi hupinda vibati hivyo na kuiziba njia ya hewa moja kwa moja. Nyasi kavu zilizonasa chini ya gari ziondolewe pia, kwani huweza kushika moto zinapokutana na bomba la moshi.

Kuna hatari mbili za maji zinazostahili kutajwa. Kwanza, kipozeo cha ndani ya rejeta kikitoboka, maji ya injini na mafuta ya giaboksi huchanganyika na kufanya urojo wa rangi ya waridi unaofanana na maziwa. Gari lenye dalili hiyo lisiendeshwe. Pili, giaboksi ina tundu la pumzi ambalo hewa hupitia. Gari la moto likiingia ghafla katika maji baridi ya kivuko cha mto, hewa iliyo ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia tundu hilo, iwapo limezama. Mafundi wa magari ya porini hulirefusha tundu hilo kwa mpira hadi juu karibu na injini.

7. Mwenendo wa Dereva

Kipozeo bora hakiwezi kuushinda mguu usio na subira. Kabla ya kuingia kwenye tope au mpando mkali, dereva na abadilishe hadi gia ndogo za nguvu, zile zinazoandikwa 4L au L4. Gia hizo huyawezesha magurudumu kupata nguvu bila konveta kuvurugwa kupita kiasi. Watu wengi huziacha hadi watakapokwama, hali faida yake kubwa iko kabla ya kukwama. Katika mwinuko mrefu wa lami, mteuzi wa gia uwekwe chini kidogo ili giaboksi isiwe inapanda na kushuka gia kila mara, kwani kila badiliko husugua sahani za klachi.

Gari likikwama, jembe na mawe ni dawa kuliko mafuta. Kulitingisha gari kwa kuingiza gia ya mbele na ya nyuma mfululizo ni njia ya haraka ya kuunguza klachi. Mtu ajaribu mara mbili au tatu, kisha ashuke, achimbe, atie matawi chini ya magurudumu, apunguze upepo kidogo, au aombe kuvutwa. Kawia ufike.

Taa ya A/T ikiwaka, au harufu ikisikika, gari lisimamishwe mahali salama, gia iwekwe kwenye P, na injini iachwe ikinguruma taratibu. Hapa ndipo mazoea hupotosha. Dereva aliyezoea kusikia "zima gari, limechemka" huizima injini mara moja. Lakini pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, mafuta husimama na joto hubaki mahali lilipo. Injini ikiachwa, mafuta huendelea kutembea hadi kwenye rejeta na feni huendelea kuvuta hewa. Kama mshale wa injini nao umepanda hadi kwenye eneo la hatari, au mafuta yanavuja, ndipo injini izimwe. Tofauti kati ya kuungua na kuchemka, basi, si ya wanaisimu peke yao. Kila kitenzi kinaamuru tendo lake.

Hatimaye kuna matengenezo. Kiasi cha mafuta hupimwa kwa utaratibu wa kila gari: mengi ya yale yenye kijiti hupimwa injini ikiwaka na mafuta yakiwa moto, na yasiyo na kijiti hupimwa na fundi kupitia kizibo maalumu katika joto lililowekwa. Mafuta yakipungua pampu huvuta hewa. Yakizidi huvurugwa hadi kuwa povu, na povu halibebi joto. Ikumbukwe pia kwamba kuyamwaga kwa kufungua kizibo cha chini hutoa sehemu tu ya mafuta, kwani mengi hubaki ndani ya konveta. Gari la kazi ngumu libadilishiwe mafuta mapema kuliko lile la mjini.

8. Mapendekezo ya Istilahi

Juhudi za kusanifu msamiati wa Kiswahili zina umri mkubwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo ina maana kamili pale lugha inapoweza kumwambia dereva nini cha kufanya saa ya dhiki. Kwa kuzingatia mjadala uliotangulia, istilahi zifuatazo zinapendekezwa:

- Kuchemka: hali ya maji ya injini kupata joto kupita kiasi. Libaki kwa injini.
- Kuungua: hali ya mafuta na klachi za giaboksi kuharibiwa na joto.
- Mafuta ya otomatiki: mafuta mepesi ya giaboksi ya otomatiki, kinyume na mafuta mazito ya gia.
- Kipozeo cha ndani na kipozeo cha nje: vyombo viwili vya kupozea mafuta hayo.
- Konveta: chombo chenye rafadha mbili kinachounganisha injini na gia kwa mafuta.
- Tundu la pumzi: njia ya hewa ya giaboksi.

Orodha hii imechanganya njia mbalimbali kwa makusudi. Kuungua ni neno la jikoni lililopanuliwa maana, kipozeo limenyambuliwa, tundu la pumzi limeunganishwa, konveta limekopwa. Huenda wapo watakaodai kwamba konveta litafutiwe neno la Kibantu. Jambo hilo halikatazwi. Hata hivyo, neno geni lenye maelezo mazuri humfaa dereva kuliko neno la asili lisilojulikana na fundi yeyote. Rafadha lenyewe limetoka ng'ambo ya bahari, na leo hakuna anayelidai pasipoti.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba giaboksi ya otomatiki huharibiwa na joto lisiloonekana kwenye mshale, kwamba joto hilo huzaliwa hasa pale konveta inapovurugwa huku magurudumu yamelemewa, na kwamba tiba yake ni njia safi ya kupoza, mafuta sahihi na mwenendo wa subira. Vilevile yameonyesha kwamba upungufu wa dereva wa Lambwe haukuwa wa akili wala wa ujasiri. Alikosa kitenzi cha pili.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Rongo, Awendo, Ndhiwa, Mbita na Isebania wana nafasi ambayo wengine hawana: wanazijua njia hizi, lugha zake na mafundi wake. Daftari moja lililojazwa katika gereji kwa siku moja laweza kuleta maneno ambayo kikao cha siku tatu hakikuyafikiria. Dereva akishajua kuuliza, "Gia haiungui?", sanduku la chanjo litafika na barafu yake.

Maswali ya Mjadala

1. Taja vitenzi vingine vya jikoni vinavyotumiwa kueleza hali za mashine katika eneo lenu. Kila kimoja kinaonyesha nini na kinaficha nini?
2. Linganisha maneno kipozeo, kipozaji na kipoza-mafuta kwa kuzingatia mofolojia. Lipi litamfaa zaidi fundi, na kwa nini?
3. Mwandikie dereva wa gari la zahanati maagizo yasiyozidi mistari 5 ya kufuata taa ya A/T inapowaka. Msomee fundi, kisha usahihishe kulingana na maoni yake.